Alama Nane za Divine

Jumatatu, 12 Mei

Watoto saba leo. Chumba cha kuwekea chaki, meza moja, viti viwili, simu yangu ya kupima dakika. Mtoto anaingia, anasalimu, anasoma ukurasa wa Kiingereza kwa sauti, anajibu maswali matano, anatoka. Anaingia mwingine.

Darasa la nne wako thelathini na wanane. Kuanzia Septemba shule inafungua darasa ambalo kila kitu kitafundishwa kwa Kiingereza, hata hesabu. Nafasi ni kumi na mbili tu. Mkuu wa shule, Direkta wetu, amesema mi ndiye nipime, kwa kuwa mi ndiye mwalimu wa Kiingereza, na mi ndiye nitakayeshika darasa hilo. Wazazi wananisimamisha hadi sokoni Manika. Kila mtu mjini Kolwezi sasa anataka Kiingereza. Machimbo yanakitaka, malori yanayoteremka Zambia yanakitaka, na mama anayeuza mikate mlangoni pa shule ameniuliza kama mjukuu wake wa miaka minne amechelewa.

Karatasi ya alama ina safu tatu. Mwendo, kumi. Matamshi, kumi. Maswali, kumi. Direkta aliichora mwenyewe kwa rula.

Hadithi ni fupi. Mtoto mmoja anaitwa Ben. Anajenga mtu wa theluji mbele ya nyumba yao. Mama yake anamwita ndani kula. Anakula, anatoka, jua limewaka, mtu hayuko. Kuna maji na kofia. Ben analia. Basi. Kitabu kilitoka Lusaka. Theluji hapa hakuna aliyeiona, hata Direkta.

Binti yangu Divine zamu yake ni Alhamisi. Kwa huyo sina wasiwasi. Anasoma kuliko wote.

Jumanne, 13 Mei

Wanane.

Kuna kitu kinanisumbua. Nikiuliza swali, watoto hawafikiri. Wanatafuta. Wanatafuta ndani ya swali langu neno moja wanalolijua, wanashuka na kidole kwenye ukurasa mpaka walione neno hilo, kisha wananisomea mstari mzima. Mara nyingi mstari ni wenyewe. Naandika alama mbili, mtoto anatabasamu.

Josué, mtoto wa Tata Mulenga fundi wa magari, amepata kumi juu ya kumi hivyo. Alipokuwa anatoka nikamuuliza kwa Kiswahili, kama mchezo tu, Ben alikuwa anajenga nini. Akasema nyumba.

Sijafuta kumi yake. Hakudanganya. Amefanya nilivyomfundisha.

Jumatano, 14 Mei

Wa tatu leo alikuwa Plamedi. Anatoka Kapata, anaishi na nyanya yake katika zile nyumba za zamani za wafanyakazi, anakuja kwa miguu. Darasani hanyoshi mkono. Nilikuwa nimemweka katika kichwa changu kati ya wale wasiopita, kabla hajakaa.

Alisoma vibaya sana. Neno, kimya, neno. Anarudi nyuma. Dakika mbili, tatu, tano. Nikitazama simu, nikitazama dirisha. Kwenye dakika ya sita nilitaka kumwambia inatosha. Akamaliza.

Maswali kwa Kiingereza: hakuna. Alinitazama mdomo.

Kanuni ya Direkta ni Kiingereza tupu. Nilichoka, nikaivunja. Nikamwambia, basi nielezee kwa Kiswahili, umesoma nini?

Akasema: "Ule mutoto alitengeneza muntu na kintu moja ya baridi. Mi sijue jina yake. Iko sawa barafu ya mu frigo. Kuran ikikatika, inaisha."

Umeme ukikatika barafu inaisha. Hakuna aliyemfundisha hilo. Amelijua kutoka jikoni kwa mtu.

Nikamuuliza kwa nini Ben alilia. Jibu la kitabu ni kwamba mtu wa theluji aliyeyuka. Plamedi akafikiri. Kweli alifikiri, niliona.

"Alilia juu balimwita kula, na yeye akaenda," akasema. "Kama angebakia inje, ule muntu hangeisha peke yake."

Nilikaa na kalamu mkononi. Miaka tisa nafundisha, na mi mwenyewe sikuwahi kuisoma hadithi hii hivyo. Mwendo, alama moja. Matamshi, mbili. Maswali nikampa kumi, na karibu nimpe kumi na moja.

Wengine watano waliofuata niliwauliza kwa Kiswahili pia. Watatu hawakujua kitu.

Alhamisi, 15 Mei

Divine.

Aliingia kama mgeni, akanisalimu "Bonjour Madame" kama wengine, tulivyokubaliana. Akasoma. Dakika moja na nusu. Sauti inapanda, inashuka, inapumzika kwenye nukta. Matamshi ya watu wa redio. Hata mwalimu wa darasa la tano alichungulia mlangoni, akanionyesha kidole gumba. Moyo wangu ulijaa. Naandika kwa sababu ni kweli.

Swali la kwanza. Akashuka na kidole, akanisomea mstari. Sahihi. La pili, mstari. Sahihi. Ningeweza kuacha hapo. Kwa nini sikuacha? Kwa sababu ya yule mtoto wa Kapata.

Nikafunga kitabu. Nikamuuliza kwa Kiswahili, hadithi hii ni ya nini.

Akanitazama kama nimeuliza swali la mtego.

"Iko hadithi ya Kingereza," akasema.

Nikasema ndiyo, lakini ndani mna nani, anafanya nini. Akasema Ben. Anafanya nini? Akakitazama kitabu kilichofungwa. Nikamwambia atoke.

Mwendo kumi. Matamshi kumi. Safu ya tatu nimeiacha wazi.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeandika nane.

Siyo kumi, kwa sababu kumi ingekuwa uongo mtupu. Eti nane ni uongo wa adabu. Nimeandika asubuhi, kabla ya kengele, kwa kalamu ileile, na mwandiko wangu haukubadilika. Hilo ndilo linanitisha.

Nikajiambia ni mistari, ameonyesha mistari, Josué naye nilimpa kwa mistari. Nikajiambia alikuwa na woga wa mama yake. Nikajiambia mengi.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani sikuimba. Midomo ilikuwa inatembea tu.

Baada ya chakula nilimpa Divine ukurasa wa Kifaransa. Alisoma, akanieleza vizuri, akaongeza na ya kwake. Nikampa wa Kiswahili, akacheka katikati kwa sababu hadithi ilichekesha. Basi mtoto hana kasoro. Kasoro iko kwenye Kiingereza peke yake. Na Kiingereza chake kimetoka kwangu.

Nilianza naye ana miaka mitano. Simu, sauti za wasomaji, rudia, rudia tena, ulimi hapa, meno hapa. Wageni wakija: Divine, leta kitabu, soma. Wanapiga makofi. Hakuna mgeni aliyewahi kuelewa alichosomewa, na hakuna aliyeuliza.

Najua nilipokitoa hiki kichaa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilimfuata shangazi Solwezi, Zambia, kuuza vitenge. Nilikuwa naelewa kila walichosema wale wanawake wa sokoni, kila neno. Lakini nikifungua mdomo kwa Kiingereza wanacheka hadi wanashikana mabega. Walimwita na jirani aje anisikie. Nikaapa mtoto wangu hatachekwa. Nikampa sauti. Sikumpa kingine.

Baba Divine alipiga simu. Anaendesha lori la madini, yuko kwenye foleni ya mpakani siku ya nne. Aliuliza jambo moja: "Mutoto alipita?" Nikasema alama bado.

Jumatatu, 19 Mei

Direkta aliniita ofisini. Karatasi zote mezani kwake. Ameshajumlisha.

Alifurahi na Divine. Ishirini na nane, wa kwanza. Akasema Jumamosi ni siku ya wazazi na Divine ndiye atasoma mbele ya watu. Nikasema sawa. Nilisema sawa!

Kisha akafika kwa Plamedi, kumi na tatu, akachukua kalamu nyekundu. Nikasema, Direkta, huyu ndiye anayeelewa kuliko wote. Tazama safu ya tatu.

"Madame Clarisse," akasema, "huyu anasoma sawa motokari bila mafuta. Bazazi bakikuja, batasikia nini? Kuelewa hakusikilikani."

Nikasema safu ya tatu ndiyo kusoma kwenyewe, zile mbili ni sauti tu. Akasema basi tuipitie pamoja, mtoto mmoja mmoja, nimweleze nilivyoipa alama. Akavuta karatasi ya juu. Ya juu ilikuwa ya Divine.

Nikasema labda siku nyingine, nina somo.

Kalamu nyekundu ikapita juu ya Plamedi. Nimemuuza yule mtoto kwa nane yangu. Siwezi kuliandika kwa upole zaidi ya hapo.

Jumatano, 21 Mei

Siwezi kutulia. Nimefagia ua mara mbili. Vumbi la malori linarudi kabla sijaweka ufagio.

Nimemfundisha Divine majibu. Yote matano, kwa Kiingereza, neno kwa neno. Kama mtu akimuuliza Jumamosi, awe nayo. Kwa nusu saa alikuwa amezishika sentensi zote. Nikiuliza la kwanza anatoa la kwanza. Nikiruka hadi la nne anatoa la nne. Hakosei.

Nilipomaliza akaniuliza kama amefanya vizuri. Nikasema vizuri sana. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama karibu na mbabula, jiko letu la makaa, bila sababu, makala yenyewe yamezimika.

Nimefanya tena kilekile.

Jumamosi, 24 Mei

Viti vyote vilijaa. Akina mama na vitenge vipya, akina baba na makoti. Nyanya yake Plamedi alikaa nyuma kabisa na Plamedi magotini, mtoto mkubwa hivyo. Divine na soksi nyeupe. Alisoma hadithi ya Ben bila kukwama hata mara moja. Makofi. Direkta alitembea mbele kama aliyemzaa yeye.

Akauliza kama kuna mzazi mwenye neno. Tata Mulenga akasimama. Amezaliwa upande wa Zambia, Kiingereza chake ni cha kweli. Ni mtu mpole, hakutaka ubaya, mi najua. Alimsifu Divine, kisha akamuuliza kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anavyouliza mtoto wa jirani: na wewe, ungependa kucheza na Ben?

Swali hilo sikumfundisha.

Divine akajibu kwa sauti safi: kwa sababu jua lilitoka.

Makofi. Watu wengi pale hawajui Kiingereza, walisikia sauti nzuri wakapiga makofi. Tata Mulenga akainamisha kichwa, akadhani hakusikika. Akauliza tena, kwa maneno mengine. Divine akatoa jibu la pili: mama yake alimwita kula. Makofi tena, makubwa zaidi. Tata Mulenga akakaa taratibu. Hakucheka. Akamtazama mke wake, kisha akanitazama mimi.

Tulioelewa hatukuzidi watano au sita ndani ya ukumbi mzima. Lakini Divine alijua. Alikuwa anajua kwamba amejibu vibaya, na watu wanapiga makofi, na hajui ameulizwa nini. Alisimama pale akitabasamu, mikono imeshika sketi. Alinitafuta kwa macho. Mi niliangalia chini.

Nitakapokuwa mzee nitakuwa bado naiona hiyo. Kwamba niliangalia chini.

Jumapili, 25 Mei

Hatukwenda kanisani. Nilisema naumwa kichwa.

Divine hakula bukari yake, ugali ulipoa kwenye sahani. Nilimkuta kwenye ngazi ya nyuma anatoa mawe kwenye mchele ambao nilikuwa nimeshautoa mawe. Nikakaa karibu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote kwamba hasikii Kiingereza anachosoma.

Alipekua mchele kwa kidole.

"Nilizani kusoma ni vile," akasema. "Nilizani hata batu bengine hawasikie."

Nikasema ungeniuliza.

"Weye njo haukuniulizaka, Mama. Ulikuwa unasemaka tu, Divine soma, bageni basikie."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema kwamba maji yameisha kwenye ndoo. Ningependa angekasirika.

Ana miaka tisa na alikuwa anabeba hilo peke yake. Anaingia kwenye ukurasa kila siku kama kwenye chumba cha giza, anatoka upande wa pili, watu wanapiga makofi, anaingia kingine. Na mi nilikuwa nimesimama mlangoni nahesabu dakika.

Jumatatu, 26 Mei

Nimemwambia Direkta.

Nilimwambia kabla ya kukaa, kwa sababu ningekaa nisingesema. Nane ya Divine niliiandika mimi. Alama yake halisi ya kuelewa ni sifuri. Nimeandika karatasi nyingine na sahihi yangu chini. Nikaiweka mezani.

Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa, akafunga mlango. Alisema nimemvunjia heshima mbele ya wazazi, nimempeleka mtoto asiyejua mbele ya ukumbi, na sasa namletea karatasi. Ana haki. Alisema pia kwamba kama hili likitoka nje, darasa la Kiingereza limekufa kabla ya kuzaliwa. Hapo alikuwa anaogopa, siyo kukasirika.

"Nani mwingine umemupa alama za bure?" akauliza.

Nikasema hakuna wa bure, lakini wengi wa mistari. Nikamweleza jinsi watoto wanavyotafuta neno kwa kidole. Hakutaka kusikia. Alikuwa ameshaanza kuniandikia barua ya kutaka maelezo. Hapa kwetu ukipata hiyo, ya pili inaweza kuwa ya kufukuzwa.

Ndipo mlango ukagongwa. Tata Mulenga, na ovaroli yake ya gereji. Josué nyuma yake.

Alisalimu kwa heshima, akakataa kiti. Alisema mtoto wake amepewa kumi ya maswali, na nyumbani amemuuliza, mtoto amesema Ben alikuwa anajenga nyumba. Alisema yeye hataki kelele. Anataka kujua tu, mtoto anaelewa au haelewi. "Kama haelewi, mwaka kesho atakaa mule darasani anasikia bintu gani? Hesabu na Kingereza, hatasikia hesabu, hatasikia Kingereza."

Tata Mulenga yumo kwenye kamati ya wazazi. Direkta alinitazama, akamtazama. Barua ilikuwa bado mbele yake, wino haujakauka.

Akasema watoto watapimwa upya. Wote.

Nilitoka ofisini. Sikujisikia vizuri. Wanasema ukisema kweli unapata wepesi. Mi sijapata. Nilinawa uso kwenye bomba, nikaingia darasani.

Alhamisi, 29 Mei

Barua nimeijibu. Ukurasa mmoja. Sikujitetea.

Direkta ameniachia niandike hadithi mpya, kwa sharti kwamba yeye atakaa chumbani kila mtoto anapopimwa, na Divine nisimguse. Sawa kabisa.

Nimeandika na kufuta tangu juzi. Ben na theluji yake basi. Nimemweka mtu anayesukuma baiskeli ya makala, makaa ya kuuza, kutoka upande wa Mutshatsha. Magunia matatu. Barabara inapanda, mvua inaanza, tairi linalegea. Anamwona mama kwenye nyumba ndogo, anamwachia gunia moja kwa bei ya chini, anaendelea. Anafika Manika jua likizama. Kiingereza chepesi, mistari kumi na miwili.

Hakuna mahali nimeandika kwa nini aliliacha gunia. Hilo ndilo swali la tano. Hawataweza kulitafuta kwa kidole. Na mtoto ataruhusiwa kujibu kwa lugha anayotaka, Kiswahili, Kifaransa, Kiluba, au achore.

Direkta aliisoma mara mbili. "Kwa nini aliliacha?" akaniuliza. Nikasema ndiyo swali. Akatoa sauti ya puani, akaigonga muhuri.

Jumatano, 4 Juni

Siku tatu za kupima zimekwisha. Baridi ya asubuhi imeanza, watoto wanaingia na mikono ndani ya mikono ya sweta.

Direkta alikaa pembeni siku ya kwanza kama askari. Siku ya pili alikuwa anainama mbele kusikia majibu. Mtoto mmoja alisema mtu wa makala aliliacha gunia kwa sababu alimhurumia mama, mvua inakuja na hana moto. Direkta akaniangalia, hajui ampe ngapi. Tulibishana dakika kumi. Tukampa mbili. Josué alisema gunia lilikuwa zito, tairi lingepasuka, bora kupoteza moja kuliko yote matatu. Maelezo ya mtoto wa fundi. Alipata saba, za kwake kweli.

Plamedi alisoma polepole vilevile. Dakika tano. Maswali yote matano. Kwenye la mwisho aliongeza kwamba yule mtu angepitia njia ya reli, haipandi. Direkta akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya wazazi.

Divine alipimwa na Direkta peke yake. Nilisimama mbali, karibu na bomba. Nilisikia sauti yake. Sikuitambua. Ilikuwa inasimama. Neno, kimya, neno. Alikuwa anarudi nyuma. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anatafuta kilichomo.

Direkta alitoka akaniambia, kavu: "Mwendo ine. Maswali ine."

Nne. Tairi, mvua. Hayo mawili aliyaelewa.

Ijumaa, 13 Juni

Orodha imebandikwa; aliye chini ya tano kwenye maswali hakuhesabiwa. Kumi na mbili. Josué wa nne. Plamedi wa kumi na moja.

Divine hayumo.

Nyanya yake Plamedi alikuja kutoka Kapata, akanishika mkono mbele ya ubao. Hajui kusoma. Aliniomba nimsomee jina. Nikamsomea. Akaomba tena. "Madame, hakuna mwingine wa jina hilo?" Nikasema hakuna. Akauliza, sasa mtoto amefanya kosa gani wamwandike hapa. Nikamweleza taratibu. Alichukua muda kuamini. Kisha aliufumbata mkono wangu kwa mikono yake miwili, na mi nilitaka kumwambia kuhusu kalamu nyekundu, kwamba kulikuwa na siku nilikaa kimya. Sikumwambia. Alikuwa na furaha, na ukweli huo ungekuwa wa kunifaa mimi, siyo yeye.

Direkta aliniita saa nane. Darasa la Kiingereza atapewa kijana anayetoka Lubumbashi. Mi kuanzia Septemba nitachukua la kwanza, wale wadogo wa kuanza herufi, wanaosoma kwa Kiswahili. Alisema siyo adhabu. Ni adhabu. Lakini alipokuwa ananifungulia mlango alisema ile safu ya tatu itakuwa alama ishirini mwaka ujao, na kwamba nimwachie yule kijana hadithi ya makala.

Nilifika nyumbani nikalia kidogo, ndoo ya maji mkononi. Nililitaka sana lile darasa. Nililitaka tangu Solwezi.

Baba Divine alipiga. Nilimweleza yote. Kelele za malori nyuma yake, halafu: "Uko unatosha mutoto yako mu darasa weye mwenyewe, unamuweka inje?" Akakata simu.

Jumapili, 15 Juni

Baba Divine alipiga tena, lakini aliomba Divine. Waliongea muda mrefu. Sikusikiliza. Divine aliporudisha simu alisema, "Papa anauliza ule muntu wa makala alifika na magunia ngapi. Nilimuambia mbili. Alikuwa anafikiri tatu."

Akaenda kucheza.

Jumamosi, 21 Juni

Jua zuri, baridi kavu. Tulikaa nyuma ya nyumba tunamenya karanga. Divine alileta kitabu kidogo cha Kiingereza cha watoto, hakuambiwa. Hakukifungua. Alikiweka kwenye mkeka, akamenya tena. Nami sikusema soma.

Baada ya muda akakifungua mwenyewe. Akasoma mstari mmoja. Akanieleza kwa Kiswahili alichodhani umesema. Alikuwa amekosea. Tukaurudia. Mstari wa pili ulichukua muda. Wa tatu aliuelewa mara moja, akanitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni.

Kwenye wa nne kulikuwa na neno. Akaniuliza maana yake.

Nililitazama. Nimelitamka mara ngapi darasani, na sauti nzuri. Nilitafuta, hakuna kitu.

Nikamwambia, "Hata mi vile sijue."

Aliangalia uso wangu kuona kama natania. Kisha akasogea karibu, bega lake kwenye bega langu, tukauanza ule mstari tena tangu mwanzo, pamoja, polepole.

Mistari minne, alasiri nzima. Tuliingiza nguo tulizoanika asubuhi zikiwa bado na unyevu kidogo.